Kutoa neo za zamani na kuweka za LED: mambo tuliyojifunza katika garaji ya kanisa



Tangu tubadilishe taa za garaji ya vijana, ile iliyo nyuma ya kanisa, ndugu wa makanisa mengine wametuuliza maswali mawili. La kwanza: je, neo za LED zinapunguza kweli matumizi ya umeme, au ni maneno ya wauzaji tu? La pili: je, tunaweza kuzipachika wenyewe katika vyuma vya neo za zamani? Jibu la swali la kwanza ni ndiyo. Jibu la swali la pili ni ndiyo pia, lakini kuna jambo la kujua kwanza, na sisi tulilijua kwa kuchelewa.

Jioni ya kwanza tulitoa neo nane za zamani, tukaondoa balasti, tukaunganisha nyaya moja kwa moja kama tulivyoelezwa sokoni. Kijana mmoja wetu anayejifunza umekanika alipanda ngazi akaweka neo ya kwanza ya LED. Tukarudisha umeme, ikawaka vizuri. Ya pili nayo ikawaka. Ya tatu tuliipachika bila kukata umeme tena, kwa sababu mbili za kwanza zilikubali. Tukasikia mlio mkubwa, na katika mji wetu kila mtu anajua mlio wa namna ile unavyoshtua moyo. Cheche ziliruka, giza likatuangukia, na kijana akaruka chini. Hatua mbili kutoka kwenye ngazi kulikuwa na beseni la petroli ya kuoshea vipuri.

Hakuna aliyeumia. Tulimshukuru Mungu, lakini shukrani haikutuondolea wajibu wa kuuliza kosa lilikuwa nini. Fundi wa umeme aliyekuja kesho yake alitazama akasema: neo hii si mbovu, mliipachika kinyume. Tena akatuonyesha kwamba mahali pa fyuzi mtu aliweka zamani kipande kinene cha waya wa shaba. Fyuzi ya kweli ingekatika mara moja. Waya ule haukukatika. Ulioungua ni waya wa dari, karibu mita nzima, mpaka ukakatikia kwenye maungio.

Ndiyo maana tunaandika. Kuna makanisa mengi yenye neo za zamani: katika garaji, katika madarasa, katika vyumba vya kwaya, katika vituo vya afya. Tusingependa mtu mwingine ajifunze kwa njia ile.

Neo ya zamani inafanyaje kazi

Ndani ya bomba la kioo kuna gesi kidogo na zebaki kidogo sana. Umeme ukipita, mvuke wa zebaki hutoa mwanga ambao jicho halioni. Unga mweupe uliopakwa ndani ya kioo hupokea mwanga huo na kuugeuza kuwa mwanga tunaouona.

Lakini gesi ile haikubali kupitisha umeme kwa urahisi. Inahitaji msukumo wa kuanzia, na ikishaanza inahitaji kuzuiwa isivute umeme kupita kiasi. Kwa hiyo kuna wasaidizi wawili: stateri, kile kikopo kidogo cheupe pembeni, na balasti, kile kipande kizito cha chuma chenye waya uliozungushwa ndani. Stateri hufunga na kufungua njia ya umeme, balasti hutoa msukumo, neo inawaka. Baada ya hapo balasti hubaki kazini, ikishika umeme usipite kiasi, na yenyewe inapata joto. Joto hilo ni umeme mnaolipa bila kupata mwanga.

Hapa kwetu kuna shida nyingine mnayoijua. Umeme unaposhuka jioni, watu wote wakiwasha, neo ya zamani inapepesa na kupepesa bila kushika, ncha zake zikiwa nyekundu. Kila kupepesa kunakula uhai wake. Ndiyo sababu ncha zinakuwa nyeusi mapema.

Katika garaji kuna hatari ya ziada. Umeme wetu hubadilika mara 50 kwa sekunde, na neo yenye balasti ya chuma huzimika na kuwaka mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni. Lakini kitu kinachozunguka kwa kasi, kama jiwe la kunolea au kichwa cha mashine ya kutoboa, kinaweza kuonekana kama kimesimama, na mtu akanyosha mkono. Mafundi wa zamani walijua jambo hilo, ndiyo maana waliweka ampuli ya kawaida karibu na mashine.

Hesabu ya umeme

Neo ya zamani ya sentimita 120 huandikwa wati 36. Ukiongeza kile kinacholiwa na balasti ya chuma, inafika karibu wati 45. Neo ya LED ya urefu uleule huandikwa mara nyingi wati 16 au 18. Tuchukue 18.

Neo nane za zamani: wati 360. Neo nane za LED: wati 144. Tukiwasha saa 6 kwa siku, za zamani zinakula kilowati-saa 2.16, za LED zinakula 0.86. Kwa siku 26 za kazi katika mwezi, tofauti inakaribia kilowati-saa 34. Zidisheni kwa bei mnayolipa ninyi, mtajua fedha za neo mpya zitarudi baada ya miezi mingapi.

Kwa wale wanaotumia betri na jua, hesabu inagusa zaidi. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1200, lakini betri ya risasi haipendi kushushwa chini ya nusu. Zinabaki 600. Neo nane za zamani zingezimaliza kwa saa moja na dakika arobaini. Za LED zinakwenda zaidi ya saa nne, bila kuhesabu kinachopotea katika kifaa kinachogeuza umeme wa betri. Hiyo ni tofauti kati ya mkesha unaokatika katikati ya ibada na mkesha unaomalizika.

Tena tukumbuke umeme wenyewe unatoka wapi. Mtambo wa Ruzizi I, hapo mto unapotoka katika ziwa Kivu, ni wa mwisho wa miaka ya 1950, na nguvu yake ni karibu megawati 30. Ruzizi II, tangu mwaka 1989, ni wa nchi tatu pamoja: Kongo, Rwanda na Burundi. Maji ya mto mmoja, na watu ni wengi kuliko zamani. Anayepunguza wati 216 katika garaji anamwachia jirani kitu.

Soma kichwa cha neo kabla ya kupanda ngazi

Hapa ndipo tulipokosea. Neo ya LED inafanana na ya zamani kwa umbo: urefu ni uleule, pini mbili kila upande, inaingia mahali palepale. Lakini ndani ni kitu kingine, na zote si za aina moja. Sokoni tulikuta aina tatu zimechanganywa katika rundo moja.

Aina ya kwanza hupokea umeme upande mmoja tu. Kwenye kichwa cha upande huo kumeandikwa L na N, yaani waya wa moto na waya wa baridi, kila mmoja kwenye pini yake. Pini mbili za upande wa pili zimeunganishwa zenyewe kwa zenyewe ndani. Ukiunganisha nyaya moja kwa moja upande wa kulia, kisha ukaweka neo imegeuzwa, waya wa moto na waya wa baridi vinakutana ndani ya kichwa kile bila kizuizi chochote. Huo ndio mlio tuliousikia.

Aina ya pili hupokea waya wa moto upande mmoja na waya wa baridi upande mwingine. Hii haina hatari ya kugeuzwa, lakini ina nyingine. Ukiingiza upande mmoja wakati umeme uko, umeme unaweza kupita ndani ya neo mpaka kwenye pini za upande mwingine, zile ambazo mkono wako umezishika.

Aina ya tatu ni ile inayokuja na stateri yake ndani ya boksi. Inatumika katika chuma chenye balasti nzito ya zamani: unatoa stateri ya zamani, unaweka hiyo mpya, unaweka neo, umemaliza. Stateri hiyo si stateri ya kweli, ndani yake ni fyuzi tu. Msiirudishe ya zamani, wala msiitumie na neo ya zamani. Balasti inabaki na inakula umeme kidogo, lakini kwa asiye na fundi karibu, njia hii ndiyo yenye hatari ndogo zaidi.

Na kama chuma chenu hakina stateri kabisa, na neo ilikuwa inawaka papo hapo bila kupepesa, basi ndani kuna balasti ya kielektroniki. Neo nyingi za LED haziendi nayo. Mwacheni fundi aiondoe.

Namna tulivyofanya mara ya pili

Kwanza, tulikata umeme kwenye sanduku kuu, si kwenye swichi ya ukuta tu. Katika nyumba nyingi za mji wetu swichi imekata waya wa baridi badala ya waya wa moto. Taa inazimika, lakini chuma chake bado kina umeme. Baada ya kukata, fundi alipima kwa turunevisi ya kupimia umeme. Kijana mmoja alisimama mbele ya sanduku mpaka kazi ikaisha, ili asije mtu wa nje akawasha. Wenye gurupu wahakikishe kwamba nayo imezimwa.

Pili, tulitoa kitu chochote kinachowaka moto: petroli, rangi, matambara yenye mafuta. Tukafungua milango yote.

Tatu, tuliweka fyuzi ya kweli. Msibadilishe taa hata moja kabla ya kuangalia mahali hapo. Fyuzi ni kitu cha bei ndogo, na kazi yake ni kufa kwa niaba ya nyumba.

Nne, fundi aliondoa balasti na kondansateri iliyokuwa katika baadhi ya vyuma. Ikiwa kondansateri au balasti ni ya kabla ya miaka ya 1980, tena inavuja mafuta, isiguswe kwa mikono mitupu, kwani mafuta ya baadhi yake yana sumu. Nyaya zilizokauka na kupasuka ganda zilibadilishwa.

Tano, tulichagua aina moja tu ya neo kwa garaji nzima, na tukaandika kwa kalamu ya wino mzito juu ya kila chuma: LED TU, kisha mshale wa kuonyesha upande wa L na N. Maandishi hayo si ya kwetu. Ni ya yule atakayekuja baada ya miaka mitano, akiwa na neo ya zamani mkononi, bila kujua kwamba balasti haipo tena.

Sita, tuliziwasha moja moja, tukiwa chini, si juu ya ngazi.

Wakati wa kununua

Nunueni moja kwanza. Iwasheni juma moja, jioni wakati umeme unashuka. Kwenye neo nzuri kumeandikwa volti inazokubali. Nyingine zinakubali kuanzia 100 hadi 240, na hizo zinawaka bila kupepesa hata umeme ukiwa dhaifu. Nyingine zinataka 220 hadi 240 tu.

Msitazame wati peke yake, tazameni lumeni, kipimo cha mwanga wenyewe. Neo ya LED ya lumeni 1800 inatoa mwanga mdogo kuliko neo mpya ya zamani ya wati 36, lakini inaupeleka chini kwenye kazi, wakati ile ya zamani inaupeleka pia kwenye dari na buibui wake. Kwa benchi la fundi, hiyo inatosha.

Elekezeni kamera ya simu kwenye taa. Mkiona mistari mieusi inatembea katika picha, neo hiyo inapepesa, na haifai karibu na mashine zinazozunguka. Na kama neo ni nyepesi mno, haina jina la kiwanda wala mchoro wa namna ya kuunganisha, irudisheni, hata kama bei yake inafurahisha.

Neo za zamani ziende wapi?

Neo nane tulizotoa tuliziegemeza ukutani nje. Siku ya pili tuliwakuta watoto wa shule ya Jumapili wanachezea mbili kama panga. Moja ilikuwa imevunjika, unga mweupe uko juu ya mchanga na juu ya miguu yao. Mzee mmoja akasema kwa nia njema: tupeni zote katika korongo, mvua itazichukua.

Ni kweli, mvua ingezichukua. Wote tunakumbuka Aprili 2020, Mulongwe ilipofurika na kubomoa nyumba na kuchukua watu. Kila kinachoingia katika mito yetu kinafika ziwani. Na ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutoka, mto Lukuga, kule Kalemie. Kina chake kinafika mita 1470, na maji yake yanakaa humo muda mrefu kupita maisha ya watu wengi. Kinachoingia hakitoki haraka.

Zebaki ya neo moja ni miligramu chache, ndogo kuliko punje ya mchele. Tusitishane. Zebaki inayotumiwa kuosha dhahabu katika machimbo ya Fizi na Mwenga ni mzigo mkubwa zaidi kuliko neo zote za Uvira. Lakini tabia ni ileile: kutupa kitu majini na kudhani kwamba kimekwisha. Huko Japani, katika mji wa Minamata, kiwanda kilimwaga maji yenye zebaki baharini miaka mingi. Samaki waliila, watu wakala samaki. Mwaka 1956 ugonjwa huo ulitambuliwa rasmi: watu walitetemeka, wakapoteza kuona na kusikia, na watoto wakazaliwa wakiwa na ugonjwa huo. Watu wale walikuwa wavuvi kama sisi.

Kwa ajili ya kumbukumbu hiyo, mapatano ya mataifa juu ya zebaki, yaliyotiwa sahihi Japani mwaka 2013, yanaitwa Mapatano ya Minamata. Nchi za Afrika ndizo zilizosukuma ndani yake ili taa zenye zebaki zikomeshwe. Katika mkutano wa Geneva wa mwaka 2023 ilikubaliwa kwamba kutengeneza na kusafirisha neo ndefu za zamani kutakoma kabla ya mwisho wa mwaka 2027. Basi, mkiziona zinauzwa kwa bei ya kutupa, jueni kwa nini. Tusikubali kuwa jalala la mabaki ya wengine.

Sisi tumefanya hivi. Neo nzima tumezirudisha katika maboksi ya karatasi ya zile mpya, tukazifunga kwa kamba, tukaziweka juu katika stoo kavu iliyofungwa, na kuandika kwamba zina zebaki. Hazivunjwi, hazichomwi, hazitupwi chooni wala korongoni. Tumewaomba pia wauzaji wetu wakubali kuzichukua wanapoleta mzigo mpya. Makanisa kumi yakiuliza jambo moja, muuzaji atasikiliza kuliko likiuliza moja.

Ikivunjika ndani ya nyumba, toeni kwanza watoto na akina mama wajawazito. Fungueni milango na madirisha, mtoke nje dakika 15. Msifagie kwa ufagio, kwa kuwa unarusha unga hewani. Kusanyeni vipande kwa karatasi ngumu, futeni kwa kitambaa chenye maji, wekeni vyote katika chupa ya plastiki yenye kifuniko, kisha oshweni mikono.

Neno la mwisho

Katika kikao cha wazee ndugu mmoja aliuliza kwa nini sadaka itumike kununua fyuzi na kumlipa fundi, wakati vijana wangeweza kumaliza kazi bure. Mama mmoja wa kikao alimjibu kwa kukumbusha agizo la Torati kwa ajili ya mtu anayejenga nyumba mpya: aweke ukingo juu ya dari, asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Akasema fyuzi ndiyo ukingo wa nyumba za siku hizi. Hakuna aliyeongeza neno, fedha zikatolewa.

Kijana aliyeruka kutoka kwenye ngazi bado anajifunza kwetu. Sasa yeye ndiye anayesimama mbele ya sanduku la umeme, na hapokei neno la mtu yeyote, hata la mchungaji, kabla ya kupima mwenyewe. Makanisa yanayotaka kuanza kazi hii, anzeni hapo alipofika yeye: kateni umeme, pimeni, kisha pandeni ngazi.